Aliyekuwa Akipiga Pasi Dirishani

Mashuka ya hoteli yalipoletwa mchana yakiwa bado na unyevu, wapiga pasi walianza na yale ya vitanda vikubwa. Shuka kubwa likikauka kabla halijaguswa na pasi hushika makunyanzi kama uso wa mtu aliyelala vibaya, na hapo hata ulimwagie ndoo nzima ya maji halikusikii. Bibi Foronya alikuwa na chupa yake ya kunyunyizia, ameitoboa kifuniko kwa msumari. Domo alikuwa na kitambaa cha kufutia jasho, na maneno. Binti, aliyekuwa mdogo kuliko wote mle chumbani, alikuwa na meza ya karibu na mlango. Hapo upepo unapita na nguo zinakauka upesi, ndiyo maana hupewa wageni.

Chumba hakikuwa na kiti hata kimoja. Bosi aliviondoa vyote akasema mtu hapigi pasi kwa makalio. Domo alimjibu kwamba wapo wanaosimamia wenzao kwa makalio na hakuna anayewaondolea viti, ila alimjibu baada ya mlango kufungwa.

Pasi za pale zilikuwa kuukuu na nzito, na zilikuwa na tabia moja. Ukiisimamisha kwa kisigino chake, hata kidogo tu, inajizima, na ikishajizima haishiki moto tena siku hiyo. Kwa hiyo hazikuwekwa chini. Zamani kila meza ilikuwa na watu wawili, mpigaji na mpokezi. Mpigaji akichoka, mpokezi alisimama upande wake wa kulia, akaweka mkono juu ya mkono wake pale kwenye mpini, akasema, "Nimekupokea." Mpigaji akasema, "Nimekuachia," ndipo akachomoa vidole. Bila maneno hayo mtu hakuachia, hata awe amebanwa na haja. Halafu Bosi akawaona wapokezi wamesimama wanatazama mvuke, akawafuta wote. Tangu hapo mtu alishika pasi asubuhi na kuachana nayo jioni, Bosi akizima swichi kuu.

"Na choo je?" Domo aliuliza siku ile.

"Choo nendeni asubuhi," Bosi alisema.

Binti aliingia kazini pale baada ya mama yake kufariki. Mama yake alikuwa mpiga pasi wa meza ya dirishani. Bosi mwenyewe ndiye aliyeleta habari nyumbani, kofia mkononi: kwamba dada huyu aliomba ruhusa mapema, kwamba alianguka njiani, pale kona ya bomba la maji, na kwamba angekuwa kazini wangemshika asianguke. Aliongeza kwamba anayeanguka kazini ni wa kazini na anayeanguka njiani ni wa njiani, lakini kwa ubinadamu tu binti yake aje achukue nafasi. Mama mdogo, aliyebaki na Binti, alimshukuru kwa kuja. Tangu siku hiyo mama mdogo hakupita tena kona ya bomba. Alizunguka kwa nyuma, kwenye majumba ya mafundi magari, akafika kila mahali amechelewa na viatu vina mafuta.

Meza ya dirishani ilibaki bila mtu. Kitambaa chake kilikuwa na alama ya kuungua yenye umbo la pasi, na Bosi alisema ni ya mzembe mmoja wa zamani. Hakuna aliyetaka kunyoosha nguo juu ya alama, basi ikawa meza ya kuwekea mapazia.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku Bosi alipoingia na mwanamume mwembamba, mwenye mwavuli na kitabu kimoja.

"Huyu ni mwalimu," Bosi alisema. "Kuna hoteli ng'ambo inataka wapiga pasi. Huko wanasema Kihispania. Atawafundisha, na mtakaofuzu mtasafiri."

"Kihispania chote?" Bibi Foronya aliuliza.

"Kitenzi kimoja. Mnakwenda kupiga pasi, hamwendi kuhutubia."

Mwalimu alikohoa, akasema lugha ina vitenzi vingi na mtu hawezi kuishi na kimoja. Bosi akamwambia watu hao wanaishi na kimoja tangu waajiriwe. Wakakubaliana kwamba mwalimu atafundisha kimoja, lakini akifundishe chote, nyakati zake zote na hali zake zote, asibakize. Na wanafunzi wasisimamishe kazi.

"Kinaitwa *planchar*," mwalimu alisema akitafuta mahali pa kuweka mwavuli. "Kupiga pasi. Msiogope, ni kitenzi kipole, hakina vurugu. Ukikijua hiki unavijua vyote vinavyokwenda kama hiki."

"Kupumzika kunakwenda kama hiki?" Binti aliuliza.

Mwalimu alifikiri. "Ndiyo. Kunakwenda vilevile kabisa."

"Hicho hakimo," Bosi alisema, akatoka.

Wakaanza na wakati uliopo. *Plancho*, napiga pasi. *Planchas*, unapiga pasi. *Plancha*, anapiga pasi. Wanawake waliitikia huku wakisukuma. Walipofika *planchamos*, tunapiga pasi, pasi zote mle chumbani zilikwenda upande mmoja kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, hata ya Domo ambaye wakati huo alikuwa anajikuna sikio. Bibi Foronya alisema ni vizuri, maana siku zote Domo humgonga kiwiko.

Kesho yake mwalimu alirudia ya jana, kisha akaingia wakati uliopita. *Planché*, nilipiga pasi. *Planchaste*, ulipiga pasi. Aliposema *plancharon*, walipiga pasi, matenga yaliyokuwa yamejaa yalikuwa matupu, na mashuka yalikuwa kwenye rafu, yamekunjwa, pembe juu ya pembe, yana joto. Hakuna aliyekumbuka kuyagusa. Mikono, hata hivyo, iliuma kama kawaida, na migongo iliuma zaidi ya kawaida.

"Uchovu umekuja, kazi sikuiona," Domo alisema akijinyoosha.

Bosi alipopita na kuona rafu imejaa kabla ya saa, aliagiza mashuka ya hoteli ya pili.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha na mwalimu alifika na soksi zimelowa. Alizivua akazitundika kwenye bomba la mvuke, akafungua kitabu. "Leo tunabaki hukohuko nyuma," alisema, "lakini wa jana ulikuwa wa jambo lililokwisha. Huu ni wa jambo lililokuwa linaendelea tu, hatusemi liliisha lini." Akatazama dari. "*Planchaba*, nilikuwa nikipiga pasi. *Planchabas*, ulikuwa ukipiga pasi. *Planchaba*, alikuwa akipiga pasi."

Mama yake Binti alikuwa dirishani akipiga pasi.

Mapazia yalikuwa yamewekwa pembeni. Alivaa sare ya kijivu, ile yenye kiraka begani alichokishona mwenyewe, na kifua chake kilikuwa kimelowa jasho kwa umbo la bakuli. Alikuwa na shuka la kitanda kikubwa. Alianza na kona, kama ilivyokuwa desturi yake, akamalizia katikati.

"Shikamoo mama," Binti alisema kutoka mlangoni.

"Marahaba mwanangu," mama yake alisema bila kuinua macho, maana alikuwa kwenye pindo, na pindo halitaki kuangaliwa upande.

"Huyo hajabadilika," Bibi Foronya alisema. "Kona kwanza."

"Mimi ndiye nimebadilika," Domo alisema. "Wifi, unaona nilivyonenepa? Usiseme."

Mama wa Binti alicheka kidogo kwa pua, akageuza shuka.

Ni Bibi Foronya, aliyekuwa meza ya pili yake, aliyeona kwamba kitambaa cha dirishani kilikuwa cheupe. Alama ya kuungua haikuwepo. Pasi ilikuwa mkononi mwa mwenyewe, haijaanguka bado. Alitazama kwa muda, pasi yake ikienda na kurudi. Siku ya kifo chake wao wote walipelekwa upande wa kufulia kukamua mablanketi, wakamwacha mwenzao peke yake na mashuka, na waliporudi waliambiwa ameomba ruhusa, na chumba kilikuwa na harufu ya kitambaa kilichoungua.

"Kumbe ilianguka hapa," Bibi Foronya alisema.

Domo alijifuta jasho kwa kitambaa chake.

Bosi aliingia kuangalia mashuka ya hoteli ya pili. Alimwona aliyekuwa dirishani, akasimama.

"Nani kampa sare?"

"Kaja nayo," Domo alisema.

"Na pasi?"

"Kaja nayo."

"Umeme anatumia wa nani?"

Wakaufuata waya kwa macho. Ulishuka mezani, ukapita chini ya dirisha, ukaingia ukutani mahali pasipo na tundu, kama mzizi unavyoingia ardhini. Bosi aliinama akapapasa, akaridhika kwamba si kwenye mita yake. Kisha akaweka kiganja juu ya shuka lililokuwa limemalizwa, akalisikia lilivyo laini.

"Basi mpeni tenga," alisema.

"Bosi," Bibi Foronya alisema, "ulisema alianguka kona ya bomba."

"Alianguka njiani."

"Si huyu hapa?"

"Sasa hivi yuko hapa," Bosi alikubali. "Wakati ule alikuwa njiani. Mwalimu, nyakati si kazi yako? Waeleze."

Mwalimu alifungua kitabu chake, akatafuta kwa kidole ukurasa hadi ukurasa.

Jioni Bosi alipozima swichi kuu, pasi zilikufa moto na dirishani hapakuwa na mtu, ila mapazia, na alama yake ya kuungua chini ya mapazia. Lakini kwa kuwa mwalimu alianza kila somo kwa kurudia yote ya nyuma, kila mchana mama wa Binti alikuwa pale tena, na kila mchana tenga lake lilikuwa limejazwa. Alipiga pasi vizuri kuliko wote. Bosi alisema wangejifunza kwake.

Nyumbani, Binti alimweleza mama mdogo aliyekuwa anapanga vyombo.

"Anakula?" mama mdogo aliuliza.

"Hali. Anapiga pasi."

"Miguu yake?"

"Imevimba. Amelegeza kamba za viatu."

Mama mdogo alikausha sahani moja kwa muda mrefu. "Alikuwa na miguu ya kuvimba toka utotoni," alisema. "Nitakuja kumwona."

"Mchana Bosi haruhusu wageni. Na jioni hayupo."

"Basi mwambie mdogo wake anamsalimu. Na mwambie ajiegemeze mezani kidogo, hakuna atakayemwona."

Kesho yake mama mdogo akaenda shughuli zake kwa njia ya nyuma, kwenye majumba ya mafundi magari. Binti alimwambia kwamba kwenye kona ya bomba hakuna aliyeanguka, anaweza kupita. Mama mdogo akasema ndiyo, ameelewa, lakini miguu yenyewe ndiyo inayogeuka.

Binti alikuwa mtu wa kutazama. Mlangoni pale, pasi mkononi, alimtazama mama yake siku baada ya siku, akaona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kila alipomaliza shuka, mama yake alikivuta kiwiko cha kulia karibu na mbavu, akageuza bega kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Alibaki hivyo kwa kitambo cha kuvuta pumzi. Halafu alichukua shuka jingine.

Mwalimu alifikia wakati ujao. *Plancharé*, nitapiga pasi. *Plancharás*, utapiga pasi. Kwenye meza ya Domo akatokea bibi kizee asiye na meno, anapiga pasi na kusimulia jambo refu kwa sauti ya upepo. Domo alimsikiliza kidogo akasema hadithi hiyo anaijua. Kwenye meza ya Bibi Foronya hakutokea mtu. Palikuwa na chupa tu ya maji yenye kifuniko cha matundu. Bibi Foronya aliitazama. "Afadhali," alisema, akaendelea na foronya.

Mlangoni napo hapakuwa na mtu. Binti akajitafuta, akajiona dirishani, kwenye meza ileile ya mama yake, yeye na mama yake wamesimama pamoja kama mashuka mawili yaliyolazwa moja juu ya jingine. Nywele za Binti huyo zilikuwa nyeupe na mgongo umepinda. Yule mzee alimaliza shuka lake, akavuta kiwiko cha kulia karibu na mbavu, akageuza bega, akangoja. Binti, kwa kuwa alikuwa ni yeye, alijua anangoja nini. Alikuwa anampisha mpokezi.

Basi Binti akajua na mama yake anataka nini. Hakutaka kusalimiwa wala kuliliwa. Siku ile alichoka, akajua amechoka, akasogeza kiwiko mpokezi ashike, na wapokezi walikuwa wameshafutwa. Hajaambiwa bado neno la kumruhusu aachie.

"Nataka kumpokea mama," Binti aliwaambia wenzake.

"Na yako nani ataishika?" Bibi Foronya aliuliza. "Sisi mikono yote imejaa."

"Nitaiweka chini."

Bosi alisikia kutoka mlangoni. Alikuwa na kawaida ya kusikia kutoka mlangoni. "Mwenye pasi baridi hasafiri," alisema. "Na asiyesafiri nitamwangalia vizuri kama namhitaji hapa. Nyumbani kwenu mnakula wangapi kwa mkono wako?"

"Wawili," Binti alisema.

"Basi shika pasi."

Akashika pasi.

Siku ya wakati wa *plancharía*, ningepiga pasi, mwalimu alieleza kwamba wakati huu haujitegemei, ndani yake kuna "kama". Hakumaliza kueleza. Pasi zote zilikuwa zimesimama kwa visigino, baridi, na wanawake wote walikuwa wamekaa kwenye viti, vilevile vya zamani, kile cha mguu mmoja mfupi kikiwa na Domo. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa na harufu ya nguo zilizoanikwa juani. Mama yake Binti alikuwa ameweka miguu juu ya tenga lililogeuzwa, anajipepea kwa foronya, na Binti alikuwa amekaa karibu naye anamvua viatu. Kilikuwa kimya kile cha watu walioshiba. Kisha kiti cha Domo kikakwaruza sakafu, hatua za Bosi zikasikika, na mwalimu akafunua ukurasa haraka. Walikuwa wamesimama tena, pasi mkononi, na mvuke usoni.

"Niliona kama nimekaa," Domo alisema.

"Ulikaa," Bibi Foronya alisema. "Alama ya kiti hiyo kwenye sketi yako."

Hali ya kuamuru Bosi alikuja kuisikiliza mwenyewe. *Plancha*, piga pasi. *Planchen*, pigeni pasi. Aliipenda sana. Alisema ndiyo ambayo wangeanza nayo na kuishia nayo. Mwalimu akamwambia katika hali hii nafsi ya kwanza, mimi, haimo, kwa kuwa hakuna mtu anayejiamuru mwenyewe. "Afadhali," Bosi alisema. Akasimama katikati ya chumba akaijaribu kwa sauti kubwa, na pasi zote zikatii: za waliopo, ya aliyekuwa, na za watakaokuwa, hata chumba kikajaa mvuke kama maziwa na kuta zikatoa jasho. Siku hiyo mashuka ya hoteli ya tatu yaliisha kabla ya jua kushuka. Domo hakuweza kuinua mkono kuchana nywele zake mpaka kesho yake.

Ikabaki hali moja, iliyokuwa mwisho wa kitabu. Mwalimu aliifundisha akiwa ameketi dirishani kwa nje, miguu ndani, maana naye alikuwa amechoka kusimama.

"Hii ni ya kutakia," alisema. "*Que planche*, na apige pasi. *Que planche otra*, na apige mwingine. Sasa, hii haitamkwi hivihivi. Lazima awepo mtu anayetaka kitu kweli, la sivyo ni kelele tu. Nani anataka kitu?"

Domo alisema anataka kukaa. Akaitamka, na haikuwa kelele tu, kwa sababu tenga moja lilijigeuza juu chini, lakini hakuwa na wa kumwachia pasi.

Binti alitazama dirishani. Mama yake alikuwa amemaliza shuka na amekisogeza kiwiko.

"*Que planche otra*," Binti alisema.

Kisha akasimamisha pasi yake kwa kisigino. Ilitoa mlio mdogo ikazimika. Alipita kati ya meza, akasimama upande wa kulia wa mama yake, mahali palipokuwa pamepishwa muda wote huo, akaweka mkono juu ya mkono wake kwenye mpini. Mkono ulikuwa wa moto.

"Nimekupokea," alisema.

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye nguo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja. Alimtazama Binti kama mtu anayetazama saa.

"Mbona mmechelewa hivyo?"

"Walifuta wapokezi, mama."

"Aa," mama yake alisema. "Mimi nilidhani ni mvua."

Akapumua. "Nimekuachia," alisema, akachomoa vidole kimoja kimoja. Vilibaki vimejikunja kwa umbo la mpini.

Akakaa kwenye tenga lililogeuka. Domo alimwambia hilo ni lake yeye, lakini akae tu wifi, wao si watu wa kugombea. Mama wa Binti alivua viatu, akaviweka pamoja, akaomba maji. Bibi Foronya alimpa chupa ya kunyunyizia naye akanywa kupitia matundu. Kisha akauliza habari za mdogo wake. Binti akamwambia anamsalimu, na alisema ajiegemeze mezani.

"Angeniambia mapema," mama yake alisema.

Alibeba viatu mkononi akatokea mlangoni. Dirishani walimwona anavuka uwanja wa kuanikia akipita chini ya kamba, anaingia barabarani, anafika kona ya bomba. Palikuwa na watu wanateka maji, wakampisha. Hakuanguka. Aliosha miguu yake pale bombani, mmoja kisha wa pili, akaendelea na njia ya nyumbani mpaka akawa mdogo, kisha mvuke ukafunika kioo.

Mama mdogo alikuwa ametoka kwenye shughuli zake saa hiyohiyo. Alirudi kwa njia ya nyuma, kwenye majumba ya mafundi magari. Alipofika alikuta mlango umeegeshwa, mkeka umetandikwa, na juu yake unyevu wa nyayo mbili uliokuwa unakauka. Alikaa kando yake mpaka ukakauka.

Bosi aliikuta pasi ya mlangoni imesimama, baridi, na Binti yuko dirishani.

"Yule yuko wapi?"

"Amepokelewa," Bibi Foronya alisema.

"Na tenga lake?"

"Ndilo hili," Binti alisema. Alikuwa analimaliza. Mpokezi ndiye humaliza tenga la aliyempokea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Bosi aliwaza. Alimwambia Binti jina lake ameliondoa kwenye safari, lakini abaki dirishani, kwa kuwa ameona anaanza na kona. Tenga la mlangoni nalo liletwe hapohapo.

Safari yenyewe haikuwepo. Hoteli ya ng'ambo iliandika kwamba imenunua mashine. Lakini Bosi hakumwachisha mwalimu. Alisema kitenzi kimeleta faida. Mwalimu alipofika mwisho wa kitabu alirudi mwanzo, na soksi zake zilipata msumari wake kwenye bomba la mvuke. Viti havikurudi. Alama ya kuungua ipo kwenye kitambaa cha dirishani, na mgeni akiuliza, Bosi husema ni ya mzembe mmoja wa zamani. Mama mdogo amezoea kuzunguka.

Sasa wakisoma wakati uliokuwa ukiendelea, dirishani haji mtu. Lakini wakifika wakati ujao, yule mzee mwenye nywele nyeupe huwa yupo, begani kwa Binti, na wanapiga pasi pamoja kwenye shuka moja. Akimaliza pindo huvuta kiwiko cha kulia karibu na mbavu.

"Yupo anayekuja?" humuuliza.

Binti hutazama mlangoni, kisha hutazama nje, ambako jua linawaka na nguo zimekauka kwenye kamba.

"Bado," humjibu.

"Labda ni mvua," yule mzee husema, na huchukua shuka jingine.